Mlango wa Simu ya Sultani

Hapo zamani, na mtu asiniulize zamani gani, maana nawajua kwa kuuliza, katika zamani ile ambayo masultani walikuwa bado wanakaa kwenye viti vya enzi na papo hapo wana simu za mkononi, palikuwa na mji ukiitwa Mwanakombwe. Anayeona haiwezekani na akasimulie yake. Hii ni yangu, na simu zimo.

Basi mji huo ulitawaliwa na Sultani Mwinyimvua, mtu mnene, mwenye ndevu nzuri, asiye mbaya sana ukimpima na masultani wenzake. Juu ya lango la jumba lake palitundikwa ubao wa mvule uliochongwa zama za babu yake, na katika ubao huo ndimo ilimokuwa Hati ya mji mzima. Ilikuwa fupi, kwa kuwa babu alikuwa mtu wa maneno machache na fundi alikuwa ghali. Ilisema: "Asiingie mtu nyumbani mwa mtu, awe mkubwa awe mdogo, ila kwa hodi na karibu. Asiyejibiwa na arudi alikotoka." Kwa maneno hayo watu wakaishi raha mustarehe. Askari alipiga hodi, mtoza kodi alipiga hodi, hata Sultani mwenyewe akienda kumtazama mgonjwa alisimama nje kwanza, akapiga hodi na kungoja.

Ikawa simu zikaingia mjini, na watu wakahamishia humo kila kitu: mapenzi yao, picha za harusi zao, ugomvi wa mawifi, majibu ya hospitali, hata dua za alfajiri. Nyumbani yakabaki makochi. Maisha yenyewe yakahamia kwenye simu. Naye Waziri Feruzi, mtu mwembamba mwenye masikio makubwa na shughuli chache, akaliona hilo mapema. Akafungua ofisi nyuma ya jumba, akaiita Idara ya Kujuliana Hali. Humo wakakaa makarani kutwa kucha, wakisoma jumbe za watu na kusikiliza sauti zao, wakicheka peke yao.

"Serikali inayowapenda watu wake," akasema Waziri, "haina budi kujua hali zao."

Sultani akapendezwa, tena sana, maana kila asubuhi aliletewa umbea wa mji mzima pamoja na chai ya maziwa. Mwacheni tu. Hata ninyi mngeupokea.

Sasa, katika mtaa wa kisimani alikaa mjane mmoja, Bi Mwanakheri, mshona kofia, katika nyumba aliyoachiwa na mama yake. Mwaka ule Sultani alitimiza miaka mingi ya kutawala, akagawa khanga mji mzima, khanga zenye picha yake kifuani na maneno chini: SULTANI WETU, PAMBO LETU. Bi Mwanakheri akaipokea yake, akaifua. Kisha akachukua simu, akamtumia sauti dada yake aliyeolewa ng'ambo: "Dada, wallahi nimemfua Sultani mara moja tu! Ndevu zimehamia kwenye foronya, na pua hata siioni. Nikimfua tena tutabaki bila serikali." Dada akacheka huko aliko, na mambo yangeishia hapo kama tungekuwa na nchi ya watu wenye haya.

Lakini makarani walisikia. Kesho yake Sultani akaletewa sauti ile pamoja na chai, na chai ikampalia. Wakamleta Bi Mwanakheri barazani, mbele ya wakubwa wote, na ile sauti ikachezwa kwa sauti ya juu. Maskini ya Mungu, mwanamke yule hakulia kwa kuogopa. Alilia kwa aibu, kusikia maneno aliyomnong'oneza dada yake yakipigwa kama tarumbeta ya harusi.

Waziri akatangaza hukumu: kwa kosa la kumdhalilisha Sultani, Bi Mwanakheri atatoka mjini siku ya Ijumaa, baada ya baraza, na nyumba yake itakuwa mali ya Idara.

"Maulana," akasema Bi Mwanakheri, "Hati ya babu yako yasema mtu asiingie kwangu bila hodi. Hawa wameingia lini? Nani amewakaribisha?"

Waziri akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekwisha kuandaa jibu. "Hati imetaja nyumba, na nyumba ina mlango. Simu haina mlango. Haina bawaba, haina komeo, haina kizingiti. Pasipo na mlango, hodi itapigwa wapi? Marehemu babu yake Sultani angetaka simu ziwemo, angezichonga."

Ajabu ni kwamba wakubwa wote waliitikia kwa vichwa, ingawa kila mmoja alijua kwamba marehemu alikufa kabla umeme haujafika Mwanakombwe.

Hapo ikasikika sauti kutoka nyuma, penye sinia la kahawa na haluwa. "Basi ubao na uongezwe neno moja, bwana. Mji umekua, ubao haukukua. Hata kanzu ya mtoto huongezwa pindo."

Aliyesema hivyo alikuwa Machano, na kabla sijaendelea niwaambie Machano ni nani. Hakuwa na kazi, hakuwa na shamba, hakuwa hata na simu. Na kwa kuwa hakuwa na simu, alikuwa mtu pekee mjini ambaye serikali haikujua anawaza nini. Riziki yake ilikuwa kudoea. Pua yake ilijua nani kaunga mchuzi wa nini, na kila chungu kilipokaribia kuiva Machano alikuwa mlangoni. Lakini alidoea kwa adabu zake. "Nikiingia kimya mimi mwizi," alikuwa akisema, "nikipiga hodi mimi mgeni, na mgeni hula." Na mlango alioupenda kuliko yote ulikuwa wa Bi Mwanakheri, kwa sababu ya samaki wake wa kupaka, na kwa sababu ndipo pekee alipoulizwa ameamkaje kabla ya kuulizwa amekuja kufanya nini.

Sultani akamtazama. "Ewe Machano, nani alikualika barazani?"

"Haluwa, Maulana."

Watu wakacheka, na Sultani, ambaye bado alikuwa na uchungu wa ndevu zake, hakupenda. Akasema, "Kwa kuwa u mwerevu hivyo, nami nakupa kazi. Wataka simu ziingie katika Hati? Nionyeshe mlango wa simu. Niuone hapa, katika baraza la Ijumaa, tena niukubali kwa kinywa changu mwenyewe, pasipo kulazimishwa na mtu. Ukinionyesha, nitauongeza huo ubao na mwanamke huyu atabaki kwake. Ukishindwa, mtafuatana."

"Kwa kinywa chako mwenyewe?" akauliza Machano.

"Kwa kinywa changu hiki."

"Nimesikia na kutii," akasema Machano, akachukua kipande kingine cha haluwa, kwa maana alijua huenda kikawa cha mwisho.

Basi akazunguka mjini akiwaza. Akawaza kubandika bawaba kwenye simu, akaona upuuzi. Akawaza kubeba mlango mzima wa mtu na kuusimamisha barazani. Akaona Waziri atauzunguka apite upande wa pili. Siku zikapita, na Alhamisi mchana miguu yake, kwa mazoea tu, ikampeleka kwa Bi Mwanakheri.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani akamwona Bi Mwanakheri amekaa chini katikati ya mabunda, amekumbatia kinu cha mama yake, kinu kizito ambacho hakuna njia ya kukibeba, na analia kwa kwikwi mpaka mabega yanatikisika. Machano akaona haya. Akajiambia aondoke, asimkute mtu katika hali ile. Lakini mdomo wake ulikuwa mdomo wa mdoezi, ukatangulia.

"Hodi!"

"Karibu!" akaitika Bi Mwanakheri, palepale, machozi yakimtiririka. Kisha akajipiga kofi mdomoni. "Mdomo huu nao! Simtaki mtu leo, nataka nilie nimalize, nao unajisemea karibu! Ukishapigiwa hodi umekwisha."

Machano akasimama kizingitini kama aliyemwagiwa maji. "Rudia, Bi Mwanakheri."

"Nirudie nini? Ondoka. Au ingia, maana nimeshasema karibu, sasa nitafanyaje?"

"Ndivyo. Utafanyaje?" akasema Machano, na uso wake ukaanza kunawiri. "Niazime simu yako."

"Hiyo ndiyo iliyonitia motoni!"

"Kesho tu. Na usiniulize, maana ukiniuliza nitakujibu, na simu yako ina watu ndani."

Bi Mwanakheri akaitazama simu kwa chuki, akampa. Naye Machano, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaondoka kwenye nyumba bila kuuliza kuna nini jikoni.

Ijumaa ikafika, baraza likajaa. Bi Mwanakheri alisimama mbele na bunda lake kichwani. Sultani akaketi, Waziri Feruzi kulia kwake, na simu ya Sultani kwenye mto wa hariri, kama ilivyokuwa ada. Maana Sultani Mwinyimvua alijiona mtu wa kisasa: namba yake ilipakwa rangi kwenye kuta za mji mzima, ikiitwa Namba ya Sifa, ili raia mwenye sifa moyoni asizikalie. Na simu hizo alizipokea barazani hadharani, kwa spika, wakubwa wapate kusikia jinsi anavyopendwa.

"Machano yu wapi?" akauliza.

Wakamtafuta, hayupo. Wakatazama penye haluwa. Haluwa nzima, haijaguswa. "Ametoroka," akasema Waziri. "Askari, mchukueni mwanamke."

Hapo simu ya Sultani ikalia. Sultani akainua mkono askari wangoje, kwa kuwa sifa haziwekwi kiporo, akabonyeza, akaweka spika. Na kutoka katika simu, kwa sauti ya mtu aliyesimama mlangoni na jua linamchoma, ikatoka:

"Hodi! Hodi mwenye nyumba!"

"Karibu!" akaitika Sultani.

"Karibu!" wakaitika wakubwa wote pamoja naye, na Waziri Feruzi miongoni mwao, tena kwa sauti.

"Ahsante. Nivue viatu?"

"Usivue, pita tu!" akasema Sultani.

Sultani akaitazama simu. Wakubwa wakamtazama Sultani. Na kutoka nyuma ya nguzo ya lango akatokea Machano, simu ya Bi Mwanakheri sikioni, viatu miguuni kama alivyoruhusiwa.

"Maulana," akasema, na sauti yake ikatoka mara mbili, kinywani mwake na kwenye ule mto wa hariri, "nimekaribishwa nami nimeingia. Mlango ndio huo. Umeuona, na umeukubali kwa kinywa chako mwenyewe, pasipo kulazimishwa na mtu."

Waziri akaruka. "Mazoea! Hayo ni mazoea ya ulimi tu! Mtu akisikia hodi hujibu karibu, hata akiwa usingizini!"

"Sasa umesema," akajibu Machano. "Kumbe palipo na mtu ndani, ulimi wake wajua pana mlango, hata Waziri akikataa. Hujasikia mtu akiliambia jiwe karibu. Lakini mimi sibishani, mimi mdoezi tu. Sultani na aseme neno moja. Aseme mbele ya watu hawa: Machano, sikukukaribisha, toka. Nami nitatoka."

Lo! Hapo palikuwa pagumu. Maana katika mji wa Mwanakombwe watu waliwahi kuiba, waliwahi kusingizia, mmoja aliwahi hata kumuuza punda wa mkwewe. Lakini hakuna aliyewahi kumkaribisha mgeni kisha akamwambia toka. Jambo hilo hata jina halikuwa nalo.

"Siwezi," akasema Sultani. "Karibu ni karibu."

"Basi mimi mgeni," akasema Machano, akajongea kwenye ule mto, akikunja mikono ya kanzu yake kama mtu anayeona sinia la pilau linakuja. "Na mgeni huonyeshwa nyumba. Nianzie wapi, Maulana? Sebuleni, penye picha? Au nipite moja kwa moja uani, kwenye zile jumbe ulizomwandikia—"

Hakumaliza. Sultani wa Mwanakombwe, mwenye majeshi na meli, aliinyakua simu yake kwa mikono miwili, akaitia ndani ya joho, akaibana kwa kiwiko.

Machano akasimama. Akauliza kwa upole kabisa, "Mbona waufunga mlango ambao haupo?"

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanakheri peke yake ndiye aliyesema, na hakusema kwa hasira, alisema kama mtu aliyechoka. "Hivyo unavyohisi sasa hivi, Maulana. Hapo kifuani. Mimi nilihisi hivyo mbele ya watu wote hawa, na sikuwa na joho la kuificha sauti yangu."

Sultani akainama. Ndevu zake nzuri zikatetemeka, watu wakadhani ni ghadhabu, askari wakashika mapanga. Lakini ilikuwa haya, na nyuma ya haya kikaja kicheko, kidogo kwanza, kisha kikubwa, mpaka kilemba kikamkaa upande.

"Nimekaribisha mdoezi ndani ya mfuko wangu!" akasema, akijifuta macho. "Tua bunda lako, Bi Mwanakheri. Nyumba ni yako. Mwiteni fundi wa ubao."

"Maulana," akanong'ona Waziri, masikio yamemlegea, "na wezi je? Na wale wanaopanga uovu kwenye simu zao? Tutawakamata vipi?"

"Mwizi aliyejificha nyumbani mnamkamata vipi?" akauliza Machano. "Mnakwenda kwa kadhi, mnamweleza mnamshuku nani na kwa nini, akiridhika anatoa ruhusa, mnakwenda kugonga mlango huo mmoja. Hamvunji milango ya mji mzima mkitumaini kwamba mmojawapo utakuwa na mwizi. Simu nazo fanyeni vivyo hivyo. Ni kazi zaidi, najua. Haki za watu zina usumbufu huo."

Basi fundi akaja, akaongeza kipande cha mvule kipya chini ya kile cha zamani, na rangi zake hazilingani hata leo. Kikasomeka: "Na nyumba ya mtu ni popote alipoweka siri zake, pawe na ukuta au pasiwe na ukuta. Hapaingiwi ila kwa hodi na karibu. Atakaposhukiwa uovu, kadhi na aulizwe kwanza." Idara ya Kujuliana Hali ikafungwa, na Waziri Feruzi akaamriwa kuzunguka mji kwa miguu, nyumba hadi nyumba, kuwaomba radhi wale aliowasikiliza. Wengi, wakisikia hodi yake, walijibu "Nani?" wakamwacha ataje jina lake mara kadhaa, juani.

Baada ya siku chache Sultani akaona aende mwenyewe kwa Bi Mwanakheri, kumtaka radhi kwa ulimi wake na kumpa khanga mpya iliyotiwa rangi ya kweli. Akaondoka na askari wake, na nyuma yao, bila kualikwa, akafuata Machano. Maana njia nzima ilinukia nazi na ndimu, na pua yake ilikwisha kumwambia kuwa samaki wa kupaka yuko jikoni anakaribia kuiva.

Wakafika. Mlango umerudishwa. Sultani akasimama mbele ya kizingiti.

"Hodi!"

Ndani kijiko kikasikika kikigonga chungu.

"Hodi, Bi Mwanakheri! Ni mimi, Sultani."

"Nimekusikia, Maulana," ikajibu sauti kutoka ndani, na ilikuwa inatetemeka kidogo, lakini haikusita. "Leo sikaribishi mtu. Mmekaa humu ndani mwangu mwaka mzima, na mimi sijui. Leo nataka nikae peke yangu, nijue nyumba ni yangu."

Askari wakatazamana. Halijawahi kutokea jambo kama hilo tangu mji uwe mji. Mmoja akasogeza bega kwenye mlango, akimtazama Sultani, akingoja ishara ya jicho tu.

Sultani akautazama ule mlango, mlango wa mbao za kawaida, umeliwa na mchwa upande wa chini, ambao mtoto angeweza kuusukuma kwa kidole. Kisha akaikunja vizuri ile khanga, akaiweka kwenye baraza ya Bi Mwanakheri, akamshika askari bega na kumrudisha nyuma.

"Asiyejibiwa na arudi alikotoka," akasema. "Twendeni."

Machano alibaki. Akangoja Sultani afike kwenye kona, akakohoa, akasogeza mdomo kwenye upenyo wa mlango.

"Hodi, Bi Mwanakheri. Ni mimi. Machano wako."

"Nawe pia, Machano."

"Hata mimi niliye—"

"Hata wewe. Leo."

Akamkuta Sultani kwenye kona, amejishikiza ukutani kwa kicheko. "Ewe Machano! Si ni Hati yako hiyo? Si wewe uliyeitaka?"

"Ni yangu, Maulana," akasema Machano, akirudi nyuma kuivuta ile harufu mara ya mwisho. "Lakini ningejua, fundi angechonga: isipokuwa mchana, samaki anapoiva."

Hayo nimeyasikia kwa aliyekuwapo, na aliyekuwapo alilala njaa vilevile. Mimi kisa changu nimewaletea kwa hodi, nanyi mmeitika. Basi msinitazame hivyo, mlishasema karibu.